«Tumeudhibiti»: Uchambuzi wa Kisa cha Moto Kichaa katika Msitu wa Kijiji Mkoani Tanga

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wajumbe wa kamati za maliasili za vijiji, watendaji na maafisa misitu wanaofundisha namna ya kukabili moto kichaa. Jina la kijiji, mwaka wa tukio na vyeo vya baadhi ya wahusika vimeachwa au kubadilishwa kidogo ili asitambulike mtu. Mfuatano wa mambo haukubadilishwa. Umekusanywa kutoka katika kikao cha tathmini kilichofanyika baada ya moto, na katika mazungumzo na watu waliokuwapo.

Usuli

Kijiji kiko kwenye tambarare ya mkoa wa Tanga, baina ya pwani na vilima vya chini vya Usambara Mashariki. Kina msitu wake wa hifadhi, unaosimamiwa na kamati ya maliasili kwa utaratibu shirikishi uliowekewa msingi na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Msitu uko kusini. Ukitoka msituni kwenda kaskazini unakutana kwanza na ukanda uliofyekwa kuzuia moto, ambao kamati na maafisa huuita njia ya moto. Kisha kipande cha shamba la mkonge lililotelekezwa zamani, ambalo sasa ni nyasi ndefu, mikonge iliyochanua na kufa, na mikoche. Kisha mashamba ya wanakijiji. Na mwisho wa mashamba hayo, upande wa mashariki, ndipo penye nyumba, nyingi zikiwa za makuti.

Ilikuwa Februari, kabla ya masika, wakati ambapo kila mkulima anasafisha shamba na kaskazi bado inavuma. Kwenye ukanda huu upepo wa siku moja si mmoja. Asubuhi huvuma umande kutoka bara kwenda baharini, nao ni mwepesi. Baadaye hutulia kwa muda, na kuanzia adhuhuri upepo wa baharini huungana na kaskazi na kusukuma kwa nguvu kuelekea kusini-magharibi. Kila mvuvi analijua hilo, na wakulima wengi pia, lakini halikuwa limeandikwa popote katika mpango wa moto wa kijiji.

Njia ya moto ilikuwa imefyekwa mwezi mmoja kabla. Nusu ya mashariki ilifyekwa na nyasi zikakusanywa na kuondolewa. Nusu ya magharibi ilifyekwa tu, na nyasi zikaachwa zimelala palepale, kwa sababu fedha za vibarua zilikuwa zimekwisha. Kwa mtu anayetazama kwa mbali, nusu zote mbili zilionekana safi.

Kuhusu watu, wenyeji wengi ni Wabondei na Wadigo, pamoja na Wazigua na wajukuu wa manamba walioletwa kukata mkonge kutoka pande nyingi za nchi. Wote wanasema Kiswahili nyumbani na sokoni. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kudhani kwamba siku ya moto lugha ingeleta tatizo.

Mlolongo wa tukio

Saa 2:30 asubuhi moshi ulionekana ncha ya magharibi ya mashamba. Mkulima mmoja alikuwa amewasha marundo ya visiki akaenda kunywa chai. Umande ukausukuma moto kuelekea mashariki, ukipita katikati ya mashamba na mkonge wa zamani, yaani moja kwa moja kuelekea kwenye nyumba.

Kikundi cha kwanza, kikiongozwa na mjumbe wa kamati, kiliukimbilia moto kwa mbele kikiwa na matawi mabichi, mafyekeo, na mabomba ya mgongoni ambayo kwa kawaida hupulizia dawa mikorosho. Shamba la mkonge la jirani lilitoa trekta na boza la maji. Trekta ililima mstari mbele ya moto kando ya barabara ya vumbi, boza likamwaga maji, na kufikia saa 4:30 kichwa cha moto, yaani sehemu yake inayokimbia mbele, kilikuwa kimesimama kabla ya kufika kwenye nyumba ya kwanza.

Kiongozi wa kikundi akampigia simu afisa misitu, aliyekuwa bado mjini.

«Shikamoo, Bwana Misitu. Moto tumeudhibiti.»

«Marahaba. Hongereni. Mwarifu Mtendaji, nami nipo njiani.»

Mtendaji alipoarifiwa alimweleza Mwenyekiti kwamba moto umekwisha. Mwenyekiti akaomba kipaza sauti cha msikiti, na tangazo lililowafikia watu lilisema kwamba moto umezimwa na kila mtu aendelee na shughuli zake. Watu waliokuwa wakija na majembe wakarudi. Dereva wa boza, aliyelisikia tangazo kama wengine, akageuza gari. Walibaki vijana wachache wakipigapiga kingo zilizokuwa zikifuka moshi upande wa kusini, kwenye mkonge wa zamani.

Karibu na saa 6 umande ulikufa. Moshi ukasimama wima kwa muda, na kila aliyeuona alidhani ni dalili njema. Kisha upepo wa baharini ukaingia. Ubavu wa kusini, uliokuwa ukitambaa polepole tangu asubuhi, ukageuka kuwa kichwa chenye upana wa ubavu mzima, ukaanza kukimbia kusini-magharibi kuelekea msituni. Makuti makavu ya mikoche yalishika moto na kurusha cheche mbele, nazo zikaanzisha vimoto vipya kabla moto wenyewe haujafika.

Afisa misitu, akiwa juu ya bodaboda, akapiga simu: «Wapangeni watu kwenye njia ya moto!» Kiongozi wa kikundi cha kwanza alielewa, akawapeleka watu wake kwenye ukanda uliofyekwa. Maagizo hayohayo yalimfikia mgambo aliyekuwa na vijana kumi na wawili. Yeye hakuwa mjumbe wa kamati na hakuwahi kushiriki kufyeka. Kwake njia ya moto ni mahali moto unapopita. Akawaongoza vijana mbele ya moto, ndani ya nyasi za mkonge zinazomfika mtu kifuani, wakajipanga kuusubiri.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa amepanda juu ya kichuguu upande wa mashariki. Yalikuwa maji mafu na hakwenda pwani siku hiyo. Hakuwa na cheo chochote katika kikosi. Alipowaona vijana akapiga ukelele kwa maneno ya baharini: «Nyie wanangu, mko demani! Tokeni demani! Zungukeni huku, njooni joshini, palipokwisha kuungua!» Vijana watatu wa kwanza waliogeuka walikuwa wamewahi kwenda baharini, na wenzao wakawafuata. Walizunguka ncha ya mashariki ya moto, wakaingia kwenye majivu. Wawili waliochelewa waliungua miguu na mikono, si vibaya sana.

Afisa misitu alifika muda mfupi baadaye. Aliona kwamba moto ungeufikia ukanda ukiwa na nguvu, akaamua kuchoma nyasi zilizo kati ya ukanda na moto ili moto mkubwa ukute pamekwisha kuungua. Waliwasha wakianzia kwenye nusu ya mashariki iliyo safi. Kundi jingine lililokuwa likirudi kutoka kijijini baada ya kuuona moshi mpya likakuta moto unawaka kando ya njia ya moto, likadhani cheche zimeruka, likauzima kwa matawi kwa umbali wa hatua hamsini hivi, kwa bidii ya kupigiwa mfano. Ilibidi uwashwe upya, na muda ule ulipotea.

Nusu ya mashariki ilishika. Kwenye nusu ya magharibi moto ulipita juu ya nyasi zilizolala kama unavyopita juu ya mkeka, ukaingia msituni.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kuukabili moto kwa mbele badala ya kuanzia mkiani, yaani nyuma yake, ulilaumiwa kikaoni, kwa kuwa mafunzo ya kuzima moto wa nyika hufundisha kuanzia mahali salama, kama palipokwisha kuungua au barabarani, kisha kusonga kwa ubavu kuelekea kichwani ili moto usikuzunguke. Lawama hiyo haikuwa ya haki kamili. Mbele ya moto kulikuwa na nyumba za makuti na watoto. Kosa lilikuwa kwamba baada ya kichwa kusimama hakuna aliyerudi mkiani kuufunga ubavu.

Kuliachia boza liondoke kulitokana na tangazo, na dereva hakuwa na sababu ya kulitilia shaka. Uamuzi wa kuchoma kutoka ukandani ulikuwa sahihi kwa hali ilivyokuwa, na ulifanywa na mtu mwenye mamlaka ya kuufanya, ila haukutangazwa kwa walio nje ya mstari wa macho yake. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lilipigiwa kwa namba 114, lakini gari zito lisingepita kwenye mkonge wa zamani, hivyo ilikubaliwa kwamba likifika libaki kulinda nyumba. Usiku, umande uliporudi na nyasi kuingia unyevu, kikosi kilirudi nyuma hadi kwenye korongo la kijito ndani ya msitu, kikasafisha majani ukingoni na kuusubiri moto hapo. Huo ulikuwa uamuzi bora wa siku nzima, na uliokoa sehemu kubwa ya msitu.

Matokeo

Kwa makadirio ya kamati, ekari thelathini hivi za msitu ziliungua, zaidi majani na miche ya chini, pamoja na mikorosho michache na mizinga ya kikundi cha wafuga nyuki. Vijana wawili walitibiwa zahanati. Mkulima alishughulikiwa kwa sheria ndogo za kijiji. Upozaji wa visiki na magogo uliendelea kwa siku kadhaa.

Uchambuzi

*Hali tatu zilizobebwa na neno moja*

Kiongozi wa kikundi aliposema «tumeudhibiti» hakudanganya. Kichwa kilikuwa kimesimama. Lakini kati ya moto uliosimamishwa mbele na moto uliokufa kuna hatua ambazo wazimamoto wa misitu duniani kote huzitenganisha kwa majina, kwa sababu kila moja inataka watu na vifaa tofauti. Kuna hali ambapo moto umezungukwa pande zote na mstari usio na kitu cha kuungua, japo ndani bado unawaka. Kuna hali ambapo mstari huo umeimarishwa na kingo zimepozwa kiasi kwamba hata upepo ukibadilika hautarajiwi kuvukwa. Na kuna hali ambapo hakuna tena joto popote. Asubuhi ile moto haukuwa umefikia hata ile ya kwanza, kwani ubavu mzima wa kusini ulikuwa wazi.

Taarifa ilipita midomo minne na kila mdomo uliifanya njema zaidi: tumeudhibiti, umekwisha, umezimwa, endeleeni na shughuli zenu. Hakuna aliyekusudia kupotosha. Mtu anayepokea habari njema huipokea kwa neno lililo karibu naye, na «dhibiti» ni neno la ofisini na la redioni ambalo kwa wengi halina picha yoyote nyuma yake. Ukimwambia mkulima moto umezungukwa, atauliza umezungukwa na nini. Ukimwambia umedhibitiwa, hana la kuuliza.

Kamati iliamua kuliacha kabisa neno hilo katika taarifa za moto. Sasa husema «umesimama mbele», na hapo lazima itajwe ni pande zipi bado wazi; «umezungukwa»; «unapozwa»; na «umekufa». Hilo la mwisho linaruhusiwa kusemwa tu na mtu aliyetembea ukingo mzima na kupitisha mgongo wa kiganja karibu na majivu, visiki na mashina ya mikoche bila kuhisi joto. Mgongo wa kiganja hutumika kwa kuwa ngozi yake huhisi joto mapema, na kwa kuwa ukiungua hapo bado utaweza kushika jembe. Shina la mkoche linaweza kufuka ndani kwa siku nyingi huku gome likiwa baridi, kwa hiyo hupasuliwa kwa shoka na kutazamwa.

*Njia ya moto*

Hili ndilo lililokaribia kuua. Ukanda uliofyekwa na mapito ya moto wenyewe vinaitwa kwa jina moja, na jina hilo ni Kiswahili sahihi kwa maana zote mbili. Mgambo hakukosa kuelewa. Alielewa vizuri kabisa kile alichoambiwa. Maafisa wengine husema barabara ya moto, na hilo kikaoni lilionekana halina nafuu, kwa sababu kijijini kuna barabara ya vumbi na mtu mmoja alikiri kwamba siku ile yeye ndiko alikokwenda. Baada ya mjadala mrefu walikubaliana kusema «mfyeko», tena kwa kutaja upande: mfyeko wa mashariki, mfyeko wa magharibi. Vibao vya mbao viliwekwa kila mwisho.

Kubadili jina hakungetosha. Mfyeko wa magharibi haukuwa mfyeko isipokuwa kwa jina, na taarifa iliyokwenda wilayani mwezi uliotangulia ilisema njia ya moto imesafishwa. Kufyeka bila kuondoa nyasi ni kuulaza moto chini, si kuuzuia. Mpango mpya unataka taarifa iseme mambo mawili kwa kutengana: pamefyekwa au la, na udongo unaonekana au hauonekani.

*Demani na joshini*

Mafunzo ya usalama yanayotumika sana kwenye moto wa misitu, yaliyowekwa na Mmarekani Paul Gleason mwaka 1991, yanataka mambo manne yawepo kabla mtu hajaukaribia moto: mtazamaji, mawasiliano, njia ya kukimbilia na mahali pa usalama. Siku ile kikosi hakikuwa na hata moja kwa mpango. Yote manne yalitolewa kwa pumzi moja na mzee aliyesimama juu ya kichuguu. Alikuwa mtazamaji, alipaza sauti, alionyesha pa kupita, akataja palipokwisha kuungua kuwa pa kwenda.

Maneno yake yalifanya kazi kwa sababu yanafuata upepo. Baharini demani ni upande unakoelekea upepo, na joshini ni upande unakotoka. Upepo ukigeuka, demani inageuka nao, na mtu aliyezoea chombo hupima upya bila kuambiwa. Maneno waliyokuwa wakitumia wengine siku hiyo hayakuwa na sifa hiyo. «Mbele» na «nyuma» hutegemea msemaji ameelekea wapi. «Juu» kwa mtu mmoja ni kilimani, kwa mwingine ni kaskazini. «Kichwa» na «ubavu» ni maneno mazuri ya kueleza moto, lakini saa 6 mchana ubavu uliacha kuwa ubavu, na walioendelea kuuita hivyo kwenye simu waliendelea pia kuudharau.

Wapo waliopinga. Mjumbe mmoja, mwenyeji wa milimani, alisema hajawahi kupanda hata ngalawa na hataki maisha yake yategemee maneno ya tanga na demani. Hoja yake ilikuwa na uzito, maana vijana tisa kati ya kumi na wawili waliwafuata wenzao tu, hawakulielewa neno. Vilevile kwa watu wengi wa pwani demani ni majira ya mwaka kabla ya kuwa upande wa chombo. Suluhisho lilikuwa la kivitendo: kabla ya kuingia kazini kiongozi huokota vumbi, hulirusha juu mbele ya wote, na kusema, huku akinyosha mkono, demani ni kule, joshini ni huku, na tukikimbia tunakimbilia pale. Upepo ukibadilika, kazi husimama na vumbi hurushwa tena. Nilishuhudia zoezi hilo. Halichukui muda wa kuvuta sigara moja.

*Moto unaowashwa na wazimaji*

Kundi lililouzima moto wa afisa misitu lilifanya jambo ambalo kila mwanakijiji amefundishwa kulifanya. Hakuna alama iliyoutofautisha moto huo na mwingine. Sasa moto wa aina hiyo huitwa «moto wetu», na hauwashwi mpaka viongozi wote wa vikundi wawe wameitikia kwa simu au kwa mjumbe wakitaja unapoanzia na unapoishia. Asiyeitikia anatafutwa kwanza. Afisa misitu alilalamika kwamba sharti hili lingemchelewesha siku ile, na ni kweli lingemchelewesha, lakini kwa muda mfupi kuliko ule uliotumika kuwasha mara ya pili.

*Kupima maneno kabla ya moto*

Huko California, baada ya mioto mikubwa ya mwaka 1970 ambapo vikosi vya mamlaka mbalimbali vilishindwa kuelewana, mfumo wa pamoja wa kuongoza dharura uliobuniwa ulichagua maneno ya kawaida badala ya namba na vifupisho vya kila kikosi. Kisa chetu kinaonyesha kwamba ukawaida wa neno hautoshi. «Njia» na «dhibiti» ni ya kawaida. Kinachotakiwa kupimwa ni kile mtu anachokifanya baada ya kulisikia.

Kamati ilibuni kipimo chake. Mtu mmoja hupewa sentensi ya taarifa, humpigia wa pili, wa pili humpigia wa tatu, na wa tatu, ambaye hakuhudhuria kikao, huombwa aende anakodhani ametumwa au aseme angefanya nini. Sentensi iliyompeleka mtu mahali pasipotakiwa hufutwa. Pendekezo la kuandika orodha ndefu ya istilahi na kuibandika ofisini lilikataliwa, na kwa maoni yangu kwa haki, kwa kuwa aliyekuwa hatarini siku ile ni mtu ambaye haingii ofisini.

Jambo moja halijatatuliwa. Kanuni mpya inasema boza haliondoki mpaka moto uwe umefikia hali ya «unapozwa» pande zote, na uongozi wa shamba la mkonge umekubali kwa maneno. Umeuliza, hata hivyo, nani atalipa dizeli ya saa hizo za kusubiri. Serikali ya kijiji imesema suala hilo litapelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na mfyeko wa magharibi nao bado unasubiri fedha za vibarua.